Uso wa Ndinda Kwenye Bango Letu

Jumamosi. Baridi ya mwezi wa saba. Ukungu umelala juu ya vilima vya Iveti tangu asubuhi na jua limekataa kabisa kutoka. Nguo nilizofua leo bado zinadondosha maji kwenye kamba. Nimekaa jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto, na kwa sababu nikienda sebuleni nitawasha televisheni na kujidanganya kwamba nimepumzika.

Sijapumzika. Nina hasira.

Nimeandika humu mara nyingi nikiwa na huzuni, na mara chache nikiwa na furaha. Hasira huwa naiacha ipoe kwanza. Leo sitangoja.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: naitwa Mbithe, naishi Machakos mjini, na kazi yangu ni kuajiri watu. Niko kwenye kiwanda kimoja huko Athi River kinachotengeneza milango, madirisha na mageti ya chuma. Nimekaa hapo kiasi cha kuwaona mafundi walioingia na nywele nyeusi wakiagwa wakiwa na mvi. Na hilo ndilo tatizo letu. Wazee wanastaafu na vijana hawakai. Anakuja kijana, ana mikono mizuri, anajifunza haraka, unaanza kumtegemea, halafu asubuhi moja hayupo. Ukimpigia simu anakujibu kwa heshima zote, "Madam, nimepata pahali pengine." Wakati mwingine hapo pahali pengine ni kibanda cha mafundi wa jua kali kando ya barabara, mabati yametoboka. Anaona afadhali huko.

Huwa nawauliza wanaoondoka kwa nini wanaondoka. Majibu yao yanafanana. Wanapewa kontrakti ya miezi mitatu, ikiisha wanapewa nyingine ya miezi mitatu, kisha nyingine, kama mgeni anayeambiwa kila jioni kwamba anaweza kulala, lakini leo tu. Hawawezi kuchukua mkopo, hawawezi kupanga, hawawezi kumwambia mtu nyumbani kwamba wana kazi. Zamu zao wanatangaziwa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema anaondoka kwa sababu ukuta wetu una rangi mbaya.

Kilichobadilishwa ni rangi ya ukuta.

Mkurugenzi wetu, Bwana Makau, alirithi kiwanda kutoka kwa babake. Si mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu leo nina uchungu naye na naweza kusahau. Mwanzoni mwa mwaka alihudhuria semina Nairobi akarudi na neno jipya, "brandi ya mwajiri," yaani sura ya kiwanda machoni pa wanaotafuta kazi, na akawa analitamka kama mtu aliyeokoka juzi. Nyuma yake akaja mshauri, kijana mwenye viatu vyeupe visivyofaa kabisa karakana. Wakatuambia kijana wa sasa anataka kujiona. Lazima aangalie kiwanda na ajione ndani yake.

Basi ukuta wa mbele ukapakwa rangi ya chungwa. Ikanunuliwa meza ya ping-pong, ikawekwa pale mafundi walipokuwa wakikaa kula chakula cha mchana, kwa hiyo sasa wanakula wamesimama. Na vibarua wakapewa jina jipya: washirika chipukizi. Siku ya kwanza mlinzi alipopaza sauti getini, "Washirika chipukizi, pangeni laini!" walicheka mpaka wengine wakashika magoti.

Mimi sikucheka. Nilienda kwa Bwana Makau nikamwambia vijana wanaondoka kwa sababu ya kontrakti. Akanisikiliza vizuri, akaniagizia chai, akasema, "Hayo ni ya baadaye, Mbithe. Kwanza tuwavute."

"Ng'ombe ukimvuta kwenye kisima kikavu atakuja mara moja tu, Bosi."

Akatabasamu. Nafikiri alidhani natania.

Sasa nimweke Ndinda hapa, kwa sababu haya yote ni yake.

Ndinda ni fundi wa kuchomelea. Ana miaka ishirini na minne, mtoto wa Muthetheni, alisomea chuo cha ufundi cha hukohuko kwao. Ni mwembamba, mkimya, na akishavaa ngao ya uso na kuwasha moto husemi naye tena mpaka amalize. Amekuwa nasi zaidi ya miaka miwili. Miaka miwili ya miezi mitatu mitatu.

Mshauri alipomwona akichomelea geti, cheche zikimzunguka, alisimama pale pale akasema, "Huyu ndiye." Mwezi wa nne wakamrekodi video. Wakampa fulana mpya na maneno ya kusema. Maneno yenyewe yalikuwa: "Hapa nimepata maisha yangu. Njoo tujenge pamoja."

Alinifuata nje akiwa ameshika hiyo karatasi kana kwamba ina moto. "Madam, hii ya 'nimepata maisha yangu'... lakini kontrakti yangu inaisha mwisho wa mwezi huu."

Nikamwambia mkurugenzi amesema ataandikwa kazi ya kudumu. Na kweli alikuwa amesema. Alisema tukiwa kwenye korido, akitembea, simu mkononi: "Huyo msichana tutamwandika, lazima." Nikamwambia Ndinda, "Sema tu. Kabla video haijatoka itakuwa ni ukweli."

Video ilitoka. Mwisho wa mwezi ukafika, na kontrakti iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa ya miezi mitatu. Niliuliza. "Tunaendelea nayo," nikaambiwa. Nikauliza tena mwezi wa sita. "Tunaendelea nayo." Ndinda hakuniuliza hata mara moja. Afadhali angeuliza. Kunyamaza kwake kulikuwa kunanikuta kila asubuhi nikipita karakana.

Video ilipendwa sana. Uso wake ukawekwa kwenye bango kubwa kando ya barabara, akiwa ameinua ngao na kucheka. Vijana wakaanza kuja getini wakisema wameletwa na "yule dada." Huko Muthetheni mama yake alisimamishwa kanisani, watu wakamshukuru Mungu pamoja naye kwa sababu binti amepata kazi ya kudumu kwenye kiwanda kikubwa. Akina mama wakaanza kumpa majina ya watoto wao ampelekee Ndinda.

Kuna jambo jingine sijawahi kumwambia mtu. Nina binti yangu, Mwikali, karibu umri mmoja na Ndinda. Ana diploma na amekaa nyumbani mwaka mzima. Nimezunguka vyuo vya kaunti hii nikiwaambia watoto wa watu waje kwetu. Mwikali sijamwambia.

Hajaniuliza kwa nini. Nadhani anajua.

Alhamisi tulienda Muthetheni.

Lilikuwa wazo la mshauri: tumpeleke Ndinda chuoni kwake, nyumbani, vijana wamwone mtu waliyemjua. Tukapiga hema kwenye uwanja wa chuo, spika mbili kubwa zikapiga muziki, fulana za rangi ya chungwa zikagawiwa, na Ndinda akachomelea mguu wa kiti mbele ya watu. Walimpigia makofi ya kweli. Walimu wake walikuwepo. Mama yake alikuwepo pia, amevaa kitambaa kizuri cha kichwa, na alikuwa amekuja na wanawake wawili wa jirani na sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliyokuwa ametayarisha kwa ajili yetu, wageni. Alinishika mikono yote miwili. "Ni muvea, mwaitu," akaniambia. "Muvea muno." Ananishukuru, ananiita mama. Mimi!

Bwana Makau alizungumza vizuri. Alieleza jinsi babake alivyoanza na mashine moja ya kuchomelea, na vijana walimsikiliza. Ana kipaji cha kuongea na watu akiacha kuiga semina. Kisha mshauri akachukua maiki akauliza kama kuna maswali.

Akasimama msichana mmoja nyuma, mkono wake ukiwa bado na mafuta ya karakana. Alisema anasomea ufundi wa magari. Alisema anashukuru kwa fulana.

"Lakini swali langu si kwa mkubwa, ni kwa Ndinda. Ndinda, wewe umeandikwa?"

Muziki ulikuwa umezimwa. Nilisikia kuku wakikwaruza nyuma ya jiko la chuo.

Mshauri akacheka kidogo. "Hilo ni swali zuri, tutalijibu mwisho, wacha tuchukue—"

"Nimemuuliza Ndinda," msichana akasema. Hakuwa na ukali. Alitaka tu kujua.

Ndinda alinitazama. Alinitazama mimi, sio mkurugenzi. Nilijua ananiuliza kitu, nami nilikuwa na maiki ya pili mezani mbele yangu. Ningeweza kuichukua. Ningeweza kusema, jibu hilo ni langu, mimi ndiye meneja wa wafanyakazi. Badala yake niliangalia vidole vyangu.

Akajibu mwenyewe, bila maiki.

"Sijaandikwa. Niko na kontrakti ya miezi mitatu. Ikiisha wananipea ingine. Kazi ni nzuri. Mashine zao ni nzuri, nimejifunza mambo mingi sana hapo, sitadanganya. Lakini kama unauliza kuandikwa, sijaandikwa. Mimi ni kibarua."

Alipomaliza, aligeuka akamtazama mama yake.

Sikutazama huko. Siwezi kuandika uso wa yule mama kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuutazama.

Hakuna aliyetuzomea. Ningeona afadhali wangezomea. Vijana waliinuka taratibu, wakazungumza chini chini, wengine wakaja kumsalimia Ndinda kwa mkono kama unavyomsalimia mtu aliyefiwa. Fomu za maombi zilirudi tupu. Fulana hazikurudi.

Na chakula kikaletwa. Hilo ndilo limenikaa kooni mpaka leo. Mama Ndinda alipakua muthokoi kwenye sahani, akampa kila mmoja wetu, kuanzia mkurugenzi mpaka dereva, maana mgeni ni mgeni. Alipofika kwangu alikaa kando yangu kwenye benchi. Aliongea polepole, akitafuta Kiswahili, ingawa tungeweza kuongea Kikamba. Nafikiri hakutaka kuniambia maneno hayo kwa lugha ya nyumbani.

"Mimi sina shida na kibarua, mama. Hata mimi nimelima vibarua, nikamsomesha na hiyo. Kibarua si aibu." Akafuta mikono kwa leso yake. "Lakini mbona mlimwambia aseme kitu hamjampea?"

Nilisema, "Samahani, mwaitu."

"Kula," akasema. "Kitapoa."

Kurudi Athi River, Bwana Makau alikaa kiti cha mbele, akiangalia barabara, mpaka tukaiacha Mwala nyuma. Halafu, bila kugeuka: "Kontrakti ya huyo msichana inaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Basi iishe."

"Na bango?" nikauliza. "Na video?"

"Video inafanya kazi vizuri. Iacheni."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani siku mbili. Uso ubaki, mwenyewe aende. Na barua ya kumwambia aende, bila shaka, ni mimi ningeiandika.

Nililala vibaya. Jana Ijumaa asubuhi nilifika kazini nikiwa na hotuba nzima, na nilipokaa mbele ya meza yake hotuba yote ikapotea, ikabaki sentensi moja. Nikamwambia, "Bosi, hiyo barua sitaiandika."

Akaniuliza, "Wewe uko upande wa wafanyakazi ama wa kampuni?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi katika kazi hii na huwa natafuta jibu la hekima. Jana sikulitafuta. "Ulinituma nilete vijana. Nimekuletea sababu yao tangu mwanzo wa mwaka. Ukanunua ping-pong."

Nilidhani sasa ndiyo mwisho wangu. Lakini aliegemea nyuma, akavua miwani, akaonekana kama mtu aliyechoka tu. Akasema alikuwa amefikiria. Hataki ubaya na mtu. Ndinda anaweza kuandikwa, tena mara moja, kazi ya kudumu na bima na kila kitu. Kuna jambo dogo tu. Arekodi video nyingine fupi aseme kule chuoni hakueleweka vizuri, kwamba kiwanda kilikuwa tayari kimeamua kumwandika.

Nilitoka mle ofisini nikiwa na furaha.

Nimeiandika sentensi hiyo na nimeitazama. Ndiyo, nilikuwa na furaha. Nilitembea haraka mpaka nje ya geti, kwenye kibanda cha chai ambako Ndinda hunywa chai ya saa nne, nikakaa karibu naye, nikampa habari hizo kama mtu aliyeleta zawadi. Nilitaka akubali. Nilitaka jambo liishe vizuri na mimi niwe nimelimaliza.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akaweka mandazi yake chini.

"Wakiniandika, nitasema nimeandikwa," alisema. "Hiyo si lazima nirekodiwe. Lakini niseme sikueleweka? Madam, nilieleweka. Kila mtu pale alinielewa."

"Ni maneno tu, Ndinda. Utakuwa na kazi."

"Hata ile ya kwanza ilikuwa maneno tu."

Mama mwenye kibanda alijifanya anachochea makaa.

Ndinda akaendelea, sasa bila kunitazama. "Na wenye tuliingia na wao? Mimi niandikwe juu ya sura yangu kwa bango, na wao wananiangalia?"

Nikamuuliza anataka nimfanyie nini. Nilidhani ataniambia nikamwombe tena mkurugenzi, nibembeleze, nitafute njia ya katikati. Akasema, "Toa uso wangu."

Nywila ya ukurasa wa kiwanda ninayo mimi. Nilitoa simu pale pale kwenye benchi, nikaifuta ile video, yeye akitazama. Kisha nikampigia mwenye mabango nikamwambia ashushe lile la barabarani, na akaniuliza ni nani ameagiza. Nikasema mimi. Ndinda akamaliza chai yake, akashukuru, akarudi kazini. Alikuwa na fremu za madirisha za kumaliza. Tuna oda ya shule moja ambayo lazima itoke wiki ijayo.

Nilitaka Bwana Makau alisikie kutoka kwangu, kwa hiyo nikarudi juu. Sijui watu jasiri wanahisi nini. Mimi nilihisi nataka kwenda msalani. Nikamwambia amekataa, na sababu zake, na kwamba video nimeifuta.

"Umefuta kitu cha kampuni bila ruhusa yangu."

"Ndiyo."

"Unajua hata wewe unaweza kufutwa?"

"Najua, Bosi."

Na najua zaidi ya hapo. Mimi nimeandikwa. Nina pensheni, nina bima, nina ada ya mtoto wa mwisho inayotoka kwenye mshahara huo. Ndinda hana kitu kati ya hivyo vyote na alisema ukweli mbele ya mama yake na kijiji kizima. Mimi ninavyo vyote na niliangalia vidole.

Sijui angenijibu nini, kwa sababu mlango uligongwa. Alikuwa msimamizi wa karakana, mzee Kilonzo, kofia mkononi. Alisema vijana watatu waliotoka kunywa chai hawajarudi. Wote wachomeleaji. Simu zao zimezimwa. Akauliza, na madirisha ya shule?

Bwana Makau alimtazama mzee, akanitazama mimi. "Wanaenda wapi hawa watoto?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nilisikia anauliza akitaka kujua.

"Wamesikia ya Muthetheni," mzee Kilonzo akasema. "Kila mtu amesikia. Mimi hapa niliandikwa na babako nikiwa na wiki mbili kazini, Makau. Nikaenda nikajenga nyumba. Hawa unawaambia wajenge na nini?"

Alimwita Makau, bila Bwana. Nafikiri mzee mwenyewe alishtuka. Tuliondoka wote wawili na hakuna aliyetuita.

Leo asubuhi, nikianika nguo ambazo hazitakauka, simu ikalia. Alikuwa Bwana Makau. Hakunisalimia.

"Waandikwe," akasema. "Wote wenye wamepitisha mwaka mmoja."

Nilikaa chini kwenye ngazi, na ngazi ilikuwa na maji. "Na Ndinda?"

"Si nimesema wote? Tayarisha kontrakti za kudumu, nitatia sahihi Jumatatu."

Nilishukuru. Nilishukuru kwa moyo wote, na nikadhani mambo yamefika mahali pake. Kisha akasema, "Lakini tuifanye kwa mpango, Mbithe. Nimeongea na mshauri. Atakuja na kamera. Waitwe mmoja mmoja, waweke sahihi, wacheke, wasalimiane na mimi. Ndinda awe wa kwanza. Na tumlete mama yake, tutume gari. Hiyo itakuwa video nzuri kuliko ile."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Alidhani nimefurahi, na akacheka pia.

Huyu ndiye mtu ninayefanya naye kazi. Anakupa kitu kizuri kwa mkono mmoja, na mkono wa pili tayari umeshika simu kukirekodi. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hana hila. Anaamini kabisa kwamba kitu kisipoonekana hakijatendeka. Nimepigana naye tangu mwanzo wa mwaka nikidhani tunabishana kuhusu pesa ama sheria, kumbe tunabishana kuhusu jambo ambalo hata halioni.

Nilimpigia Ndinda. Yuko kwao wikendi hii. Nilisikia mtu akipepeta maharagwe karibu naye, na nikajua ni nani. Nikampa habari yote, pamoja na ile sehemu ya kamera.

"Wote, madam?" akauliza.

"Waliopita mwaka mmoja."

"Hata wale walitoka jana?"

Wawili kati yao wamepita mwaka. Nikamwambia nitawatafuta. Akasema anajua wako karakana gani, atawaambia yeye mwenyewe, mimi hawatashika simu yangu. Alisema hivyo bila ubaya wowote, na iliuma vilevile.

"Madam, mimi nitaweka sahihi," akasema. "Nataka hiyo kazi. Lakini mama asiitwe. Alisimamishwa kanisani mara moja, inatosha."

Basi hapo ndipo nilipofika, Jumamosi hii, jikoni. Nimeshinda, na bado nina hasira. Ningependa mtu anieleze kama hiyo ni kawaida.

Nimeamua hivi. Jumatatu nitafika kabla ya wote. Vijana wataweka sahihi ofisini kwangu zamu ikianza, mlango ukiwa umefungwa, kila mmoja na karatasi yake. Bwana Makau akitaka kamera, iletwe mchana, na atakayetaka kucheka mbele yake acheke kwa hiari yake. Nitamwambia hivyo uso kwa uso. Simtegi mtu. Ila karatasi hizo bila sahihi yake ni karatasi tu, na sijui kama bila kamera mkono wake utaandika. Akikataa? Nitafanya nini hapo, mimi niliyeangalia vidole vyangu kule Muthetheni?

Sijui. Nimefikiri mchana kutwa na sijui.

Kesho nikitoka misa lazima kuna mama atanishika mkono pale mlangoni, aniulize kama kwetu wanaandika vijana, ana mtoto amemaliza chuo. Kila Jumapili yuko mmoja. Na kila Jumapili huwa namwambia, "Mlete tu."

Kesho nitamwambia, "Ngoja kwanza, mama. Ngoja nione sahihi."